Vidole Viwili Kulia

Karakana ya Ushirika,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka Mlingoti,

Nimeliandika neno "mpendwa" nikalitazama kwa muda, kisha nikaliacha lilivyo. Si la uongo, ingawa leo mkono wangu umekuwa mzito kuliandika.

U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, je, meno ya mbele yameshaota, au bado wanacheka kwa ufizi kama kwenye ile picha ya mwisho? Nauliza kwa dhati. Hasira niliyo nayo haijawafikia watoto wala mama yao, wala haitawafikia. Mimi ni mzima wa mwili. Shangazi naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula, anatembea, na asubuhi bado anaamka kabla yetu sote. Mengine yanayomhusu ndiyo yaliyonikalisha mezani leo.

Nimechagua karatasi kwa sababu ujumbe wangu wa simu uliujibu kwa picha ya kidole gumba, na barua pepe yangu ukaipeleka kwa mwanasheria wa kampuni yenu, ambaye alinijibu kwa heshima nyingi kana kwamba mimi ni mteja aliyeuziwa redio mbovu. Bahasha yenye mwandiko wangu nadhani utaifungua kwa mikono yako mwenyewe.

Taarifa yako kuhusu shamba tulilojaribia kifaa chetu ilisomwa kwenye kikao cha ushirika Jumatano iliyopita. Huenda hukujua kwamba ingesomwa hadharani. Mwenyekiti wetu anapenda kusoma, na akianza hasimami mpaka asome na muhuri. Shangazi alikuwa ameketi safu ya pili, na koti lake la kazi, miwani yake mfukoni. Ukurasa wa tatu unasema hivi: "Kifaa kilifanya kazi ipasavyo. Hitilafu za upandaji zimetokana na mwendeshaji, ambaye kwa umri wake na udhaifu wa macho yake hakuweza kuufuata mstari."

Mwendeshaji. Neno hilo umelitumia mara saba. Mwanamke aliyetuchukua sisi wawili tulipobaki bila wazazi, akatulea kwa kazi ya usukani, akakupa jina la Mlingoti siku kichwa chako kilipogonga fremu ya mlango wa jikoni, katika kurasa zako zote tano hana jina wala undugu. Najua, taarifa ya kitaalamu haina nafasi ya mambo ya nyumbani. Lakini ilikuwa na nafasi ya kutosha kumsingizia.

Nimesema kumsingizia. Ngoja nilipime neno hilo, maana sitaki nikufanyie wewe ulichomfanyia yeye. Inawezekana uliyaamini uliyoyaandika. Mimea ilipochomoza, ilikuwa imepita zaidi ya wiki tangu uondoke. Uliziona picha tu, na picha za shamba zinadanganya. Ninachokulaumu kwa uhakika ni kimoja: hukuuliza. Ulikuwa na namba yangu, ulikuwa na namba yake, na ulijua kwamba kati ya watu wote duniani sisi wawili ndio tungekwambia ukweli bila kuogopa kampuni.

Mwenyekiti alipomaliza, mtu mmoja nyuma akasema, "Basi leo Rula imepinda," na ukumbi ukaangua kicheko. Unakumbuka walivyompa jina hilo. Miaka ishirini na sita madereva wenzake wamekuwa wakimwita Rula kwa sababu ukisimama mwanzo wa shamba alilopanda, mistari yake inakwenda mpaka macho yako yanachoka. Shangazi naye alicheka pamoja nao. Kisha akautoa ufunguo wa trekta mfukoni, akauweka mbele ya mwenyekiti kabla hajaulizwa, akarudi kuketi. 

Tarehe ishirini na nane kitakaa kikao kingine, na humo watapiga kura ya kumwondoa kabisa kwenye orodha ya madereva. Ukiondolewa kwenye orodha hiyo kwa sababu ya macho, huwezi kurudi. Hilo ndilo lililo mezani, Kaka. Mambo ya sifa zako na kifaa chenu ni ya kwenu.

Sasa nirudi nyuma, na uniwie radhi nikikueleza kifaa ulichokibuni mwenyewe. Nakieleza kwa sababu barua hii nimeandika nakala mbili, na ya pili haiji kwako.

Kioo chetu kimefungwa mbele ya usukani, umbali wa mkono mmoja kutoka usoni mwa dereva. Setilaiti inaiambia kompyuta trekta ilipo, kompyuta inaiambia projekta, na projekta inachora juu ya kioo mstari wa mwanga wa kijani. Dereva akitazama kupitia kioo, mstari ule anauona kana kwamba umelazwa juu ya udongo, hatua nane mbele ya trekta. Anaufuata. Tulianza kukitengeneza juu ya meza ya jikoni, kwa projekta kuukuu na kipande cha kioo cha dirisha, na Shangazi akitulalamikia kwamba hana pa kukatia vitunguu. Wewe ulishika vyuma na taa, mimi nikaandika programu. Sijasahau furaha ya siku zile, na nadhani furaha hiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali namna hii.

Kuna jambo moja ambalo kioo cha aina hii hakisamehe. Mstari uko kwenye kioo, haupo ardhini. Unaonekana mahali pake kwa jicho lililoko mahali fulani tu. Jicho likihama, mstari nao unahama. Vidole viwili pale kitini vinakuwa futi nzima pale udongoni. Ndiyo maana kabla ya kukitumia ni lazima kupima mahali yalipo macho ya dereva na kuyaingiza kwenye programu. Mwongozo wetu wenyewe unasema hivyo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene ulizozichagua wewe.

Siku moja kabla ya maonyesho, Shangazi alikuwa ameitwa kusaidia trekta lingine lililokwama. Tulikuwa na saa mbili tu. Ulipanda kitini kwake ukasema macho ni macho, utakaa wewe. Kichwa chako kikagusa paa. Ndipo mimi nikaliondoa lile gunia lililokunjwa mara nne ambalo Shangazi hulikalia, ili uenee. Ukaketi katikati, umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nami nikapima, nikaandika namba. Nilipokuuliza kama tutapima tena akirudi, ulisema urefu tutapunguza kwa hesabu. Na kweli, urefu tuliupunguza kwa hesabu, vizuri kabisa.

Tulichosahau ni kwamba Shangazi hakai katikati. Tangu tukiwa watoto anakaa ameegemea kulia, bega limeshuka, kwa sababu miaka yote hiyo amekuwa akigeuka upande huo kuiangalia mashine ya kupandia iliyo nyuma yake. Hata kwenye kiti cha nyumbani anakaa hivyo. Hata kwenye picha ya harusi yako yuko hivyo, mpiga picha alimnyoosha mara mbili akashindwa. Wewe na mimi ndio watu pekee ambao hatukuwa na haki ya kulisahau bega lile.

Nadhani nilikutajia habari ya bega. Nakumbuka nikisema, "Lakini Shangazi anaegemea." Nimejihoji sana juu ya kumbukumbu hiyo na sasa sina hakika nayo. Inawezekana niliwaza tu nikanyamaza, kwa kuwa ulikuwa na haraka na wageni wako walikuwa wanafika asubuhi. Kwa hiyo silitumii dhidi yako. Nimeliweka kwenye hesabu zangu mwenyewe.

Siku ya maonyesho unaikumbuka kuliko mimi. Wakubwa wako watatu na viatu vyao vyeupe, wanakamati, wakulima wamejipanga kando ya shamba, mwenyekiti na kipaza sauti kisichohitajika. Ulisimama kwenye ngazi ya trekta, ukamwekea mkono begani, ukasema ili wote wasikie, "Shangazi, leo yapumzishe macho yako. Fuata mstari tu." Watu walipiga makofi. Naye akafanya kama ulivyomwambia.

Mahindi yalipochomoza, shamba lilikuwa linasomeka kutoka barabarani. Mahali pengine mistari miwili imebanana kama watu walioshiriki benchi moja hospitalini. Mahali pengine imeachana hata ng'ombe angeweza kulala katikati akajinyoosha. Wakulima walikuja kupiga picha. Ndipo kamati ikakuandikia, na ndipo wewe ukajibu kwa kurasa tano.

Mimi nilichukua futi kamba. Nilipima nafasi kati ya kila mwendo wa mashine, yaani kila safari moja ya kuvuka shamba, na mwenziwe, nafasi ishirini na mbili, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Zote zilipaswa kuwa sentimita sabini na tano. Ya kwanza ilikuwa mia na thelathini na nne, ya pili kumi na sita, ya tatu mia na thelathini na sita, ya nne kumi na tano. Hivyo hivyo mpaka mwisho, pana, nyembamba, pana, nyembamba. Hakuna hata moja iliyovunja mpangilio.

Wewe ni mhandisi, kwa hiyo sina haja ya kukutafunia. Lakini kwa ajili ya msomaji wa nakala ya pili nitasema. Mtu asiyeona vizuri hukosea huku na huko, leo kulia kesho kushoto, kidogo hapa, sana pale. Makosa ya shamba hili hayayumbi. Dereva amekwenda na mstari uliohama futi moja kushoto kwake. Akageuza, akarudi na mstari uliohama futi moja kushoto kwake tena, ambako sasa ni upande wa pili wa shamba. Kwa maneno mengine, aliufuata mstari wa uongo kwa usahihi ambao mimi na wewe hatungeuweza. Ule ndio upandaji ulionyooka kuliko wote niliowahi kuupima, ila umenyooka mahali pasipotakiwa.

Sikuridhika na hesabu. Nilimwomba fundi Spana, yule wa karakana yetu, apande kitini na aketi katikati, nikapiga picha kwa simu penye jicho lake. Kisha nikamwambia aegemee kulia kama Shangazi. Mstari ulihama mbele ya macho yetu ukaenda kulala juu ya ndoo tuliyoiweka futi moja kushoto. Spana alishuka akajifuta mikono taratibu. "Mhandisi," akaniambia, "mmemshonea mtu suruali kwa miguu ya kaka yako, sasa mnamlaumu kwamba anajikwaa." Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza, na siku tatu sasa ananiita Fundi Cherehani mbele ya wateja.

Kuna jambo linalokupa nguvu wewe, nami sitalificha. Mwenyekiti alidai Shangazi apimwe macho, na nilimpeleka mwenyewe. Daktari amekuta ugonjwa wa mtoto wa jicho unaanza upande wa kushoto. Nilimuuliza kama hali hiyo ingeweza kumvuta dereva futi moja upande mmoja, mwendo baada ya mwendo, bila kubadilika. Akasema haoni ni vipi, lakini hawezi kuapa, kwa kuwa hajawahi kuendesha trekta wala kuona kioo kama chetu. Kwa siku mbili nilijiuliza kama natetea ukweli au namtetea tu mtu anayenipikia chai. Huenda ni yote mawili. Huenda kuna sehemu ndogo ya kosa ambayo ni ya jicho lile na sitaweza kuitenganisha kamwe. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya kuniletea jicho la Shangazi, unieleze kwanza kichwa chako kilikuwa kinafanya nini mahali pa kichwa chake.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo niliapa kutolitoa.

Nilipompelekea Shangazi vipimo vyangu vya shamba, nilidhani atafurahi. Alikuwa anakunja nguo. Aliangalia karatasi, akaangalia michoro yangu ya mishale, akasema angeweza kunipunguzia kazi ya kuzunguka shambani na futi kamba. Alikuwa amejua. Alijua siku ile ile, akiwa bado juu ya trekta, alipogeuka nyuma na kuziona alama za magurudumu yake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini basi hakuuacha mstari ule akapanda kwa macho yake, kama alivyopanda maisha yake yote. Aliendelea kukunja shati mpaka likaisha.

"Niliona tangu mwendo wa tatu," akasema. "Lakini mwanangu alikuwa amesimama pale na wakubwa wake. Ningeuacha mstari wake, wangemwonaje?"

Mara ishirini zaidi alilivuka shamba, Kaka, akijua. Kila alipogeuza trekta alikuona umesimama pale unawaonyesha wageni kwa kidole, na kila mara aliamua upya. Ulimwambia ayapumzishe macho yake, naye akayafumba kwa ajili yako. Wiki sita baadaye ukaandika kwamba hayaoni.

Nilimwambia nitayasema haya kikaoni. Alikataa. Alisema nikifanya hivyo kazi yako itaharibika, na watu watasema ametulea vibaya, mmoja anamchongea mwenziwe. Akaniapisha. Niliapa, kwa sababu alikuwa amenishika mkono na sikupata njia nyingine ya kuutoa. Kiapo hicho nimekivunja kwenye ukurasa huu, na nitakivunja tena tarehe ishirini na nane ikibidi.

Ninachotaka kutoka kwako ni kifupi. Iandikie kamati, kwa jina lako na si kwa jina la kampuni, kwamba macho yaliyopimwa yalikuwa yako. Kwamba dereva hakupimwa kabisa. Na kwamba sentensi ile ya ukurasa wa tatu umeifuta. Usiongeze maelezo ya kitaalamu. Usimtume mwanasheria. Usiandike "mwendeshaji". Barua hiyo imfikie mwenyekiti kabla ya kikao, naye ataisoma mpaka muhuri, kama kawaida yake.

Ikifika, nakala ya pili ya barua hii nitaichana, na Shangazi hatajua kwamba nilivunja kiapo. Isipofika, nitasimama mimi. Nitaanza na gunia nililoliondoa kwa mikono yangu na namba nilizoziandika kwa kalamu yangu, maana sina haki ya kukutaja kabla sijajitaja. Nikifika kwako nitasema niliyoyapima, si zaidi. Najua nitapoteza kazi hii. Jina langu lipo kwenye mkataba chini ya lako. Na Shangazi ataninunia kwa muda ambao siujui. Sijui pia kama nafanya vema. Nimelizungusha jambo hili kila upande nikashindwa kupata mlango ambao hakuna anayeumia, ila naona kwamba mpaka leo aliyeumia ni mmoja tu, na ndiye asiye na kosa.

Usinipigie simu kunibembeleza. Sauti yako ninaipenda na itanichanganya.

Spana anakusalimu, kwa maneno ambayo nimeyapunguza. Nisalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa vizuri. Wabusu mapacha, na ndugu yao mkubwa mwambie mimi shangazi yake namwombea katika mtihani wake. Mungu awatunze nyote, akupe na wewe usingizi mwema, lakini baada ya kuandika.

Shangazi ameingia hivi punde, ameona naandika, akajua ni kwako. Hakuomba kusoma. Ameniagiza nikuandikie salamu zake kama anavyozitamka, nami natii. Anasema hajambo sana. Anasema kioo chako ni kizuri na usikate tamaa nacho. Anasema trekta ameliacha kwa hiari yake mwenyewe, alikuwa ameshachoka, hata bega limepata nafuu, na kwamba usije ukasikiliza maneno ya watu.

Hizo ndizo salamu zake, neno kwa neno. Ni mara ya pili anakufuatia mstari usio wa kweli.

Ndimi mdogo wako, ambaye upendo wake kwako bado upo, na umekaa unangoja posta.